Kwa mnaoingia kazi ya misaada mkitokea darasa la historia

Wadogo zangu, miaka yote niliyofanya kazi kambini nimepokea wageni wanaoona haya kutaja walichosomea. Wenzao ni wauguzi, mafundi wa maji, madereva. Wao wana shahada ya historia, ya lugha au ya akiolojia, na wanajiona wamekuja mikono mitupu. Mgeni wa namna hiyo mimi humkalisha chini nikamsimulia habari za Harriet Boyd Hawes, mwanaakiolojia Mmarekani.

Alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1871. Alisoma katika Chuo cha Smith, akahitimu 1892, kisha akaenda Athens kuendelea na masomo ya Ugiriki ya kale. Mwaka 1897 Ugiriki na Uturuki zikaingia vitani, naye akaweka vitabu pembeni, akaenda Thessaly kuuguza majeruhi. Mwaka uliofuata alikuwa Florida, akihudumia askari wa vita vya Marekani na Hispania, vita ambavyo maradhi yaliua Wamarekani wengi kuliko risasi.

Lakini sehemu ninayotaka muishike ni ya Krete, kisiwa kilicho kusini mwa Ugiriki. Pale Athens wanawake hawakutarajiwa kuchimbua mabaki ya kale. Basi mwaka 1900 alichukua fedha zilizobaki za ufadhili wake wa masomo, akavuka hadi kisiwani, akapita vijijini juu ya nyumbu akiwauliza wakulima wameona nini mashambani mwao. Aliweza kwa sababu hakuishia kwenye Kigiriki cha vitabuni. Alizungumza kile cha sokoni. Mwaka 1901 alipelekwa Gournia na mwenyeji, na kwa misimu mitatu, hadi 1904, alifukua mji mzima wa Waminoa, watu wa kale wa Krete. Wafanyakazi walizidi mia: wanaume wakichimba, wasichana wakiosha magae. Malipo, zana, ugomvi, wagonjwa, na kila kigae kuandikwa kilikotoka: yote yalikuwa juu yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo shule ya kazi yetu. Anayeweza kutunza kumbukumbu za magae elfu kadhaa pasipo kuchanganya, mpeni ghala la unga.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika alikuwa mke na mama. Hata hivyo alikwenda kisiwani Corfu kuwauguza askari wa Serbia waliofika wamedhoofu baada ya kuvuka milima ya Albania kwa miguu. Kisha mwaka 1917 aliwaita wahitimu wenzake wa Smith, kikakusanyika kikosi cha wanawake kilichoweka makao Grécourt, katika eneo la Somme, Ufaransa. Wajerumani walipojiondoa huko walikuwa wamebomoa nyumba, wamekata miti ya matunda na kuharibu visima. Watu wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa. Walibaki wazee, akina mama na watoto.

Tazameni walivyofanya. Walikuwa na madaktari, na magari waliyoyaendesha wenyewe. Walizunguka vijijini na duka juu ya gari, wakiuza vyombo na nguo kwa bei nafuu. Walileta ng'ombe na kuku, wakafundisha watoto. Hilo la kuuza huwashangaza wageni wengi, nami nalitetea kwa moyo wote: mama aliyepoteza nyumba bado anataka kuchagua sufuria yake mwenyewe, aikague, aikatae kama haimpendezi. Nimeona nyuso za watu kwenye foleni ya mgao, na nimeziona walipopewa nafasi ya kuchagua. Hazifanani.

Hawes hakukaa sana Grécourt. Mwaka huohuo wa 1917 aliacha uongozi kwa wenzake, na kikosi kikaendelea. Machi 1918 Wajerumani waliposhambulia tena, wanawake wale walisaidia kuwahamisha wanakijiji. Mkianzisha jambo, andikeni taratibu zake mapema ili mwingine aweze kulishika.

Kwa hiyo mkifika, msikimbilie kupakua magunia ili muonekane wachapakazi. Ombeni kukaa meza ya usajili. Hapo ndipo jina likikosewa herufi moja familia inakosa mgao, na hapo ndipo mtu aliyezoea kusoma nyaraka ngumu anahitajika. Jifunzeni lahaja ya watu mnaowahudumia. Kiswahili cha Mkongomani wa Uvira si cha Tanga, na mzee akirudia jina la kijiji chake mara tatu, mwacheni alitaje mara ya nne mpaka mliandike sawasawa.