Muulize Ami: Jirani Apandisha Ghorofa, Sisi Twabaki Gizani

Ami alichora ramani za nyumba Mombasa kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Barua zenu huzijibu kwa kalamu, kisha mjukuu wake huzipiga chapa.

SWALI: Ami, asalaam alaykum. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, aliijenga marehemu baba. Jirani ameuza, mnunuzi amevunja, na sasa nguzo za zege zinapanda. Fundi wake anasema ni ghorofa saba. Kichochoro tulichopitia kwenda uani kimezibwa, nguo hazikauki, na nahofia karo letu la choo. Nikilalamika naambiwa nivute subira. Nifanyeje? — Mama Wawili, Majengo

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Subira huvuta heri, lakini zege haisubiri mtu. Leo hii toka nje utazame kama pana ubao mbele ya kiwanja, wenye jina la mradi, la mkandarasi na namba za vibali. Upige picha. Usipouona, usiseme bado kwamba hana idhini, ila swali la kwanza la kuuliza utakuwa umelipata.

Sheria yenyewe ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Ujenzi bila idhini ya kaunti una faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mwombaji wa idhini asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenu Majengo, kimya cha faili lililosahaulika mezani chaweza kuzaa ghorofa saba.

Watu huiona ofisi ya mipango siku ile ya X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, basi. Kazi yake hasa ni hesabu: mtaa huu watakaa watu wangapi, maji yatatoka wapi, uchafu utakwenda wapi, gari la zimamoto litapenya wapi. Sensa ya 2019 ilitukuta watu 1,208,333 kaunti nzima, na kisiwa hakiongezeki hata shubiri. Kwa hiyo ghorofa silipingi. Ninalolipinga ni ghorofa saba kando ya karo lililochimbwa kwa nyumba ya vyumba sita. Na nasema haya kwa haya usoni: ujanani nilichora msingi wa nyumba moja nikiwa nimekaa ofisini, sikwenda kutazama uani kwa jirani. Mafundi walichimba wakaliangukia karo lake. Tangu siku hiyo sikuchora nyumba bila kwanza kuomba ruhusa nipite uani kwa watu.

Sasa nenda ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti uulize: kiwanja hiki kimepewa idhini ya nini, ghorofa ngapi, na lini? Una haki ya kuuliza, kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi hadi siku 21 kukujibu. Lakini rufani ya kupinga idhini yafaa ifike kwenye kamati ya kaunti ya mipango ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe. Hesabu mwenyewe: 14 zinakwisha kabla ya 21. Aliyezipanga siku hizo hajapata kuzibiwa kichochoro. Kwa hiyo usikae kungoja jibu, nenda kwa miguu yako, na nenda asubuhi.

Barua yako iwe nakala mbili. Moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Usiandike "tunaonewa". Andika kichochoro kilikuwa na upana wa futi ngapi, kimezibwa tarehe gani, na karo liko hatua ngapi kutoka nguzo ya karibu. Ukikuta siku 14 zimepita, bado omba afisa aje na ramani iliyopitishwa mkononi azihesabu ghorofa. Idhini ya ghorofa nne si idhini ya saba. Kamati isipokuridhisha, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ila huko ni gharama, na ningependa usifike.

SWALI: Shikamoo Ami. Tumetangaziwa mkutano wa kupanga barabara za mtaa wetu. Nyumba ni yangu lakini ardhi si yangu, nalipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Wazee wananiambia mkutano ni wa wenye hati. Niende? — Kijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ukakae mbele. Nyumba bila ardhi ni desturi yetu ya miaka mingi hapa Mombasa, na mpango usiowahesabu watu kama wewe utakuwa umepangia mtaa usiokuwapo. Katiba, kifungu cha 40, inapotaja ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, inaacha nafasi hata ya kumfidia mkaaji wa nia njema asiye na hati. Nafasi, nimesema, si ahadi. Ndiyo maana zile risiti za kodi zina thamani: zipige picha zote, za marehemu babu pia, maana mchwa wa Kisauni hawasomi Katiba. Na mkutanoni uliza jambo moja: mstari wa barabara unapita wapi hasa, katikati ya njia ya sasa au ukutani kwangu? Usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Waambie wapime kwa futi mbele yako.

SWALI: Roshani yetu ya mbao imeoza. Fundi anataka kuweka ya alumini. Kuna ubaya? — Bi wa Mji wa Kale

JIBU: Mtaa wenu ni eneo la hifadhi, bibi. Kabla ya fundi, nenda ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa, uwaonyeshe picha. Na mbao zilizooza usimpe fundi azitupe; mwenye kuchonga mpya atahitaji kunakili nakshi zake.