Kwa Kijana Anayeanza Biashara ya Nafaka: Keti Kwanza na Surat al-Mutaffifin

Assalaam alaykum, kijana wangu. Umepata kizimba, umenunua mizani, na gunia zako za kwanza ziko njiani. Kuanzia sasa watu watakuja kukufundisha kazi. Watakuonyesha namna ya kuchoma gunia kwa bambo ili ujue kilichomo katikati si sawa na kilichopangwa juu. Watakufundisha kuuma punje ya mahindi na kuujua unyevu wake kwa meno. Hayo yapokee, ni elimu. Lakini atakuja mmoja, mara nyingi yule mkarimu kuliko wote, akuambie kwa sauti ya chini: "Bei ya sokoni haina faida. Faida iko kwenye kipimo."

Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 19, na nilikubali.

Tajiri niliyemfanyia kazi alikuwa na madebe mawili. La kununulia vijijini kitako chake kiligongwa kikatokeza nje, na la kuuzia kilibonyezwa kikaingia ndani. Ukiyaweka sakafuni huwezi kuyatofautisha. Kazi yangu ilikuwa kujua lipi ni lipi. Nilipima hivyo karibu mwaka mzima, na Ijumaa nilikuwa safu ya mbele.

Surat al-Mutaffifin nilikuwa nayo kifuani tangu chuoni. Ni sura ya 83, ina aya 36, imo katika Juzuu Amma ambayo watoto wetu wengi huihifadhi kabla hawajajua kufunga kanzu vizuri. Nimeisoma katika swala mara nisizoweza kuzihesabu. Maana yake niliisikia Ramadhani moja, darsa baada ya Alfajiri, pale sheikh aliposimama kwenye neno la kwanza tu na kukaa hapo nusu saa.

Alieleza kwamba *mutaffifin* linatokana na *tafif*, kitu kidogo, kitu hafifu. Mwenye kupunja haibi gunia. Anaiba konzi. Anaiba kile ambacho mnunuzi hatakirudia dukani, kwa sababu nauli ya kurudi ni kubwa kuliko kilichopungua. Na juu ya konzi hiyo Mwenyezi Mungu ameanza sura kwa neno *waylun*: ole wao. Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba ole ni ya wauaji na washirikina. Nikajikuta nimekaa msikitini nikiangalia viganja vyangu.

Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokewa akisema kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, watu wake walikuwa miongoni mwa waovu zaidi katika vipimo, Mwenyezi Mungu akateremsha sura hii, nao baada ya hapo wakapima vizuri. Wako wanavyuoni wanaosema sura ni ya Makka, na hilo waachie wenye fani. Ninachotaka ukione ni kwamba soko zima lilibadilika. Watu walewale na tende zilezile, ila vipimo vikanyooka. Usimkubalie anayekwambia "soko ndivyo lilivyo".

Sasa soma aya ya pili na ya tatu kwa pamoja, usizitenganishe. Ya pili inasema wakijipimia kutoka kwa watu hutaka watimiziwe. Ya tatu inasema wao wakiwapimia watu, kwa kipimo au kwa mizani, hupunguza. Kudai haki yako kamili si dhambi. Lawama imeangukia kwa mtu mwenye mikono miwili: wa kupokea ni mzima, wa kutoa umekatwa vidole. Ndiyo madebe mawili yale.

Kwetu Tanzania ubaya huu tumeupa jina na tumeuzoea: lumbesa. Gunia linalohesabiwa debe sita linajazwa saba, pengine zaidi, linashonewa wavu juu mpaka linavimba kama kichuguu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanakamata, na bado usiku magari yanashusha. Mnunuzi wa lumbesa amempita hata yule wa aya ya pili, maana yule alidai atimiziwe tu, huyu anadai kizidi. Halafu akifika mjini anauza kwa kopo lenye kitako kilichobonyea. Mkulima ameibiwa na mama wa uji ameibiwa, kwa mzigo uleule.

Nunua kwa kilo. Beba mizani yako mpaka shambani, na kama mkulima mwenyewe amezoea kukujazia kilemba, yaani kile kichuguu cha juu ya gunia, mwambie ateremshe. Wengine watakushangaa. Mzee mmoja alidhani nimekataa mahindi yake.

Na usidhani aya hizi ni za wenye mizani peke yao. Imamu Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alimwambia mtu aliyekosa swala ya Alasiri: *taffafta*, umepunja. Na Malik akasema husemwa kwamba kila kitu kina kutimiza na kupunja. Ukishaajiri mbebaji, ukamtaka awahi kabla ya jua kuchomoza kisha ukamwambia malipo "njoo kesho", hapo hujagusa mizani lakini umo katika aya ya tatu. Mbebaji akilala nyuma ya gunia saa za kazi, naye yumo.

Nikurudishe kwangu kidogo. Aya ya 14 ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Inasema mioyo yao imefunikwa na kutu kwa yale waliyokuwa wakiyachuma. Ona neno hilo: waliyokuwa wakiyachuma. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amesema mja akifanya kosa huwekwa nukta nyeusi moyoni mwake, akiacha na kutubu, moyo husafishwa, akirudia, nukta huongezeka mpaka moyo wote ufunikwe, na hiyo ndiyo kutu iliyotajwa katika aya.

Ninaijua kutu hiyo ilivyokuja kwangu. Siku ya kwanza kushika debe lile mkono ulinitetemeka. Wiki ya pili nilikuwa nikisema bismillah kimoyomoyo huku napunja, na sikuona ajabu. Mwezi wa tatu nilianza kumwona mnunuzi anayelalamika kuwa ndiye mwenye tabia mbaya. Kutu haiumi, na ndiyo hatari yake. Ungekuwa unahisi maumivu ungekimbilia dawa.

Kulikuwa na mama aliyenunua mahindi kwetu kila Jumatatu akasage unga wa uji wa kuuza na wa kula nyumbani. Siku moja aliniambia, bila kunilaumu, kwamba mahindi yake hayafiki Jumapili siku hizi, na kwamba amewagombeza watoto kwa kuchota unga. Nilicheka naye na nikampimia kwa debe lilelile. Baada ya darsa ile ya Ramadhani nilikumbuka maneno hayo, nikaacha kazi kabla ya Idi.

Nilimwuliza sheikh toba ya mpunjaji ikoje. Akaniambia kujuta na kuacha ni baina yangu na Mola wangu, lakini haki za watu hazifutwi kwa machozi. Ninaowajua niwarudishie au niwaombe radhi. Nisiowajua nikadirie kilichopungua nikitoe sadaka kwa niaba yao. Nilikaa na daftari siku kadhaa. Yule mama nilimpelekea gunia nyumbani na kumweleza. Hakunitukana. Alikaa kimya, kisha akaita mtoto wake mkubwa, akamwambia, "Mwanangu, unga ule hukuchota." Miaka mingi imepita na sijapata kuadhibiwa zaidi ya siku ile. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kabla ya gunia lako la kwanza kufunguliwa. Daftari kama lile usije ukalihitaji.

Mwisho wa sura una jambo ambalo mgeni sokoni atalikuta kabla ya mwezi kwisha. Kuanzia aya ya 29 wanatajwa wakosefu waliokuwa wakiwacheka walioamini, wakiwapitia hukonyezana, na wakirudi kwa watu wao hurudi wakifurahia. Aya hizo ni za waliomkataa Mtume na kuwadhihaki wafuasi wake, na sitaki umpachike jirani yako wa kizimba hukumu isiyo yake. Huenda mnaswali safu moja. Lakini konyezo lenyewe utalitambua. Utapima mshale ukatulia sawa, kisha utaongeza konzi, na pembeni mtu atambonyezea mwenzake jicho. Utaitwa sheikh kwa kejeli. Utaambiwa utafunga duka kabla ya Mfungo Tatu.

Konzi hiyo ya nyongeza usiione aibu. Katika Sunan ya Abu Daud na Tirmidhi imo habari ya mpimaji aliyekuwa akipima kwa ujira sokoni, na Mtume (S.A.W.) akamwambia: pima, na uzidishe.

Miezi yangu ya kwanza baada ya kufungua kizimba changu ilikuwa migumu, sitakudanganya. Bei ikiwa sawa na ya jirani anayepunja, faida yako ni ndogo kuliko yake, hesabu ni hiyo. Nilipunguza mahali pengine: niliacha kukopa mzigo kwa madalali, nikanunua kidogo kidogo kwa fedha taslimu, nikaajiri mtu mmoja badala ya wawili. Wateja walichelewa kuja. Wa kwanza kuongezeka walikuwa mama ntilie, kwa kuwa wao hupima tena nyumbani. Na siku nilipoona wivu kwa jirani aliyejenga haraka, aya ya 26 ilinishika mkono: baada ya kutaja kinywaji cha watu wema kilichofungwa kwa miski, Mwenyezi Mungu anasema katika hilo na washindane wenye kushindana. Wafanyabiashara tunayajua mashindano.

Basi kesho, kabla hujafungua, fanya hivi. Angalia kama mizani ina stika ya ukaguzi ya mwaka huu. Pangusa sahani, maana vumbi la unga hujigandisha na kupima badala yako. Weka jiwe la kilo moja ambalo unalijua, tazama mshale. Rudia hivyo Adhuhuri. Usiweke kopo la pili dukani hata kama ni la kuchotea maji, lisije likamzoeza kijana wako wa kazi. Mizani iangalie upande wa mnunuzi.

Na usiku, ukimaliza kuhifadhi maana ya Mutaffifin, fungua Surat Hud aya ya 84 mpaka 86, usome Nabii Shuaib alivyowaambia watu wa Madyan habari ya vipimo. Simama kwenye maneno *baqiyyatullahi khayrun lakum*, kile alichokubakishieni Mwenyezi Mungu ni bora kwenu, kisha hesabu mauzo ya siku.