Maswali ya Wasomaji: Nianzie Kitabu Gani Kuhusu Zen?

Barua kadhaa tulizopokea zinahusu jambo moja, nalo ni vitabu ambavyo mtu aliyelelewa Magharibi anaweza kuvisoma anapotaka kuifahamu Zen na dini ya Ubuddha kwa jumla. Tumezijibu hapa kwa pamoja, ile ya kwanza kwa urefu kuliko nyingine.

Swali: Ndugu Mhariri, shemeji yangu ni Mjerumani aliyelelewa katika familia ya Kilutheri, na sasa amevutiwa mno na Zen. Amekwisha kununua vitabu tisa, na analalamika kwamba kila kimoja kinampinga mwenzake: hiki kinamtaka aketi kwa saa nyingi akiutazama ukuta, kile kinamwambia kwamba hakuna cha kutafuta, na cha tatu ni visa vya walimu wanaowachapa wanafunzi wao fimbo bila kueleza sababu. Ameniomba niwaulize aanzie wapi na afuate mpangilio gani.

Jibu: Mpe pole shemeji yako, na umwambie kwamba kosa si lake peke yake. Vitabu vya Zen viliwafikia watu wa Magharibi kinyumenyume, na anayevisoma kwa mpangilio uleule hana budi kupotea. Mwaka 1893 mtawa wa Kijapani Shaku Soen alihudhuria Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, na hotuba yake ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza na mwanafunzi wake, D. T. Suzuki. Ni mwanafunzi huyo, msomi ambaye hakuwa mtawa, aliyeandika insha za Kiingereza zilizoanza kutoka katika umbo la kitabu mwaka 1927, na kwa miongo mitatu iliyofuata watu wengi wa Ulaya na Marekani waliijua Zen kupitia kalamu yake. Insha hizo zina uzito wake, lakini kinachong'aa ndani yake ni satori, yaani ule mwamko wa ghafla. Kuhusu namna ya kukunja miguu, kunyoosha mgongo na kuifuata pumzi, msomaji anaambulia kidogo sana. Walimu wa kumketisha mgeni na kumwelekeza walikuwa wa kuhesabika. Watu wakasimuliwa kilele cha mlima kwa miaka mingi kabla ya kuonyeshwa njia ya kupandia, na vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye viliendeleza mazoea hayo.

Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo, aanze na Buddha, kisha aende kwenye zoezi la kuketi kwa taamuli, na visa vya kutatanisha aviache mwishoni. Zen ni tawi la mti mkubwa wa Ubuddha. Hata neno lenyewe ni matamshi ya Kijapani ya neno la Kichina chan, ambalo nalo limetokana na dhyana la Kisanskriti, lenye maana ya taamuli. Asiyejua Buddha alisema nini kuhusu mateso, chanzo chake, ukomo wake na njia ya kuufikia ukomo huo, akianza na Zen atakuwa anadandia treni kwa mbele.

Kwa hatua hiyo ya kwanza sijaona kitabu kinachokishinda "What the Buddha Taught" cha Walpola Rahula, mtawa wa Sri Lanka, kilichochapishwa mwaka 1959. Ni kifupi, lugha yake ni nyoofu, na mwandishi alikuwa na wasomaji wa Magharibi akilini alipokiandika. Mapema kabisa anakisimulia kisa cha mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, ambaye anakataa mshale kuchomolewa mpaka aambiwe aliyempiga ni nani, wa ukoo gani, na upinde ulikuwa wa aina gani; mtu huyo atakufa kabla ya kupata majibu. Buddha alikitoa kisa hicho kumjibu mtawa aliyetaka kwanza aelezwe iwapo ulimwengu una mwisho au hauna. Shemeji yako akikielewa kisa hicho, atakuwa ameelewa kwa nini walimu wa Zen waliokuja karne nyingi baadaye walikuwa wakiyakwepa maswali ya namna hiyo, na zile fimbo zitaanza kumwingia akilini. Mwishoni mwa kitabu kuna tafsiri za maandiko yenyewe, na hizo asiziruke.

Hatua ya pili ni kuketi. Hapa nampendekezea "The Three Pillars of Zen" cha Philip Kapleau, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa kumbukumbu za mahakama katika kesi za uhalifu wa kivita za Nuremberg na Tokyo, kisha akarudi Japani kujifunza. Kitabu hicho cha mwaka 1965 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kwa Kiingereza kueleza kinaganaga jinsi ya kuketi, kuhesabu pumzi na kukabiliana na usingizi na maumivu ya magoti. Kina mihadhara ya mwalimu Yasutani Hakuun kwa wanaoanza, na pia mazungumzo ya faragha kati ya mwalimu huyo na wanafunzi wake wa Magharibi, ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye ladha kuliko zote, kwa kuwa humo utawakuta watu wazima wenye elimu wakikiri kwamba hawawezi kuhesabu hadi kumi bila mawazo kutoroka. Kina kasoro moja: masimulizi yake ya watu waliopata mwamko yana msisimko mwingi, na msomaji anaweza kuketi akiungojea mwamko wake kama mtu anayengojea basi.

Dawa ya kungojea huko ni "Zen Mind, Beginner's Mind" cha Shunryu Suzuki, kilichochapishwa mwaka 1970 kutokana na mazungumzo aliyokuwa akiwapa wanafunzi wake huko California. Yeye hazungumzii sana satori. Anazungumzia mkao, pumzi, kuinama na makosa, na anasema kwamba katika akili ya anayeanza mna uwezekano mwingi, ilhali katika akili ya bingwa ni mchache. Wengi hukitaja kuwa ndicho kitabu cha kwanza kusomwa, nami napingana nao. Sentensi zake ni fupi na tulivu kiasi kwamba asiyewahi kuketi huzimeza zote jioni moja akadhani ameshiba. Aliyekwisha kuketi kwa miezi mitatu husoma ukurasa mmoja ukamtosha wiki nzima.

Baada ya hapo ndipo afungue mkusanyiko wa visa arobaini na vinane uitwao Mumonkan, uliotungwa na mtawa wa Kichina Wumen Huikai mwaka 1228. Kisa chake cha kwanza ni cha mtawa aliyemuuliza mwalimu Zhaozhou iwapo mbwa ana asili ya Buddha, akajibiwa kwa neno moja, "mu", yaani hana au hapana. Visa hivi, viitwavyo koani, si mafumbo ya kuteguliwa kwa werevu. Vilitumika kati ya mwalimu na mwanafunzi ana kwa ana, na vitabu vinavyodai kuorodhesha majibu yake vinafanana na kumweleza mtu ladha ya asali kwa kumsomea orodha ya sukari zilizomo.

Vile vitabu vingine alivyo navyo nyumbani, avifungie kabatini kwa mwaka mmoja.

Swali: Nimesoma kwamba Zen inajieleza kuwa ni mapokeo yaliyo nje ya maandiko, yasiyotegemea maneno wala herufi. Ikiwa hivyo ndivyo, si bora mtu asisome kitu chochote?

Jibu: Hoja hii hupendwa sana na wavivu wa kusoma, ingawa sisemi kwamba wewe ni mmoja wao. Waliotoa kauli hiyo walikuwa wamezama katika maandiko, na mapokeo hayohayo yameacha maktaba ambayo mtu hawezi kuimaliza maisha yake yote.

Mumonkan ina kisa cha Deshan, mtaalamu wa andiko la Kibuddha liitwalo Sutra ya Almasi, aliyesafiri kwenda kusini mwa China akiwa na maandishi yake ya ufafanuzi, akikusudia kuwaumbua watu wa Zen. Njiani alimkuta bibi kizee anayeuza maandazi, naye akamuuliza: sutra yako inasema kwamba akili iliyopita haishikiki, ya sasa haishikiki, na ijayo haishikiki, basi wewe bwana unataka kula kwa akili ipi? Deshan alikosa la kusema. Akaenda kwa mwalimu Longtan, wakazungumza hadi usiku, na alipotaka kutoka akakuta nje ni giza. Longtan akamwashia mshumaa, na Deshan alipoupokea tu, mwalimu akaupuliza ukazimika. Kesho yake Deshan aliyachoma maandishi yake mbele ya ukumbi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi dhidi ya vitabu. Mimi hukiona tofauti. Swali la bibi yule lilimchoma Deshan kwa sababu aliijua sutra neno kwa neno. Lau asingalikuwa ameisoma, angalinunua andazi lake akaendelea na safari. Huwezi kuchoma kitabu usichokuwa nacho.

Swali: Ninavyo vitabu vitatu: cha pikipiki, cha upinde, na riwaya ya Siddhartha. Je, vinatosha kunifundisha Zen?

Jibu: Havitoshi, na kimoja kati yake kimekiri chenyewe. Robert Pirsig, katika dokezo la mwanzo la "Zen and the Art of Motorcycle Maintenance" la mwaka 1974, anaonya kwamba kitabu kisihusishwe na elimu ya kweli ya mazoezi ya Zen, kisha anaongeza kwa utani kwamba hata kuhusu pikipiki hakina uhakika mkubwa. Ni kitabu kizuri cha falsafa kuhusu ubora, na pia kuhusu baba na mwanawe. Kisome kwa ajili hiyo.

Cha upinde kinahitaji tahadhari zaidi. Eugen Herrigel alikuwa mwanafalsafa Mjerumani aliyefundisha Sendai, Japani, kuanzia mwaka 1924 hadi 1929, akajifunza kulenga shabaha kwa mwalimu Awa Kenzo. Kitabu chake cha mwaka 1948, kijulikanacho kwa Kiingereza kama "Zen in the Art of Archery", kina sehemu mashuhuri ambapo mwalimu anasema kwamba si mtu anayefyatua mshale, bali "kitu" ndicho kinachofyatua. Mtafiti wa Kijapani Yamada Shoji ameonyesha kwamba Awa hakuwa mtu wa Zen kwa mafunzo, kwamba Herrigel hakukijua Kijapani vya kutosha, na kwamba msemo huo yumkini ulizaliwa katika kutoelewana kwa lugha. Herrigel mwenyewe baadaye alijiunga na chama cha Nazi, jambo ambalo matoleo mengi ya kitabu chake hayalitaji. Hata hivyo usikitupe. Ni kielelezo kizuri cha jinsi mtu anavyoweza kukisafirisha kiu chake mwenyewe hadi nchi ya mbali na kurudi akidhani amekikuta huko.

Ama riwaya ya Hermann Hesse ya mwaka 1922, shujaa wake si Buddha. Ni kijana mwingine aitwaye Siddhartha, jina ambalo Buddha naye alikuwa nalo, anayekutana na Buddha, anamheshimu, kisha anakataa kumfuata.

Swali: D. T. Suzuki na Shunryu Suzuki ni mtu mmoja?

Jibu: Hapana, wala hawakuwa ndugu, Suzuki ni jina la ukoo lililoenea sana Japani. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1966, akiwa msomi aliyefuata zaidi Rinzai, mmojawapo wa mikondo ya Zen nchini Japani. Wa pili alikuwa kasisi wa mkondo mwingine, Soto, aliyefika San Francisco mwaka 1959 kuhudumia hekalu la Wajapani na kufariki mwaka 1971.

Swali: Mimi ni Mkristo, muuguzi wa zamu za usiku, na nina watoto wawili. Sina nafasi ya kuketi, na sitaki kuiacha imani yangu. Je, kuna kitabu kinachonifaa?

Jibu: Kipo, dada. Tafuta "The Miracle of Mindfulness" cha Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kivietnam. Kilianza kama barua ndefu aliyoiandika akiwa uhamishoni Ufaransa, kwa mwenzake aliyefanya kazi za huduma kwa jamii katikati ya vita, kwa hiyo hakikuandikiwa watu wenye nafasi. Anaeleza kwamba sahani zinaweza kuoshwa kwa ajili ya kuziosha tu, badala ya kuharakishwa ili mtu akanywe chai, kwa maana asiyeweza kuosha sahani hata chai yake hataionja. Kuhusu imani, mwandishi huyohuyo ana "Living Buddha, Living Christ", na anawahimiza wasomaji wake Wakristo warudi kwenye mizizi yao badala ya kuing'oa. Padri Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle aliketi na walimu wa Zen nchini Japani kwa miaka mingi, na alikufa akiwa padri.

Swali: Ni kweli kwamba walimu wa Zen waliunga mkono vita vya Japani? Nikilisoma jambo hilo, nitaweza kuendelea?

Jibu: Ni kweli kwa wengi wao. Soma "Zen at War" cha Brian Victoria, kilichotoka mwaka 1997. Mwandishi mwenyewe ni kasisi wa Soto, hivyo hawezi kusingiziwa kuwa ni adui wa nje. Katika utafiti wake amemfikia hata Yasutani, yule ambaye mihadhara yake nimeisifu hapo juu, na kuonyesha kwamba mwaka 1943 alichapisha kitabu kuhusu Dogen, mwanzilishi wa mkondo wa Soto nchini Japani, kilichojaa uzalendo wa kivita na maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu cha Kapleau kando kwa muda mrefu. Nilipokirudia, maelekezo ya kuketi yalikuwa bado ni sahihi, lakini sikuweza tena kumsoma mwalimu yule kama mtu ambaye mwamko ulikuwa umemsafisha kila kitu, na nadhani usomaji huu wa pili ndio nilipaswa kuanza nao. Victoria asomwe baada ya miezi michache ya kuketi, si kabla.