Muulize Fundi: "Mshindi namjua kabla sijawasha televisheni"

Fundi anajibu barua zenu akiwa gerejini kwake, Ngamiani, Tanga. Safari hii barua za magari ya mbio zimezidi, kwa hiyo wenye maswali ya gia boksi na Noah zinazochemsha mtanivumilia hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi kijana wa Makorora. Formula 1 nilianza kuifuatilia mwaka 2023, na hapo ndipo bahati mbaya yangu ilipoanzia, maana mwaka ule timu ya Red Bull walishinda mpaka nikawa naona aibu kuwaita wenzangu. Pale tunapotazamia mpira, mwenye banda alikuwa akinipa televisheni ndogo ya pembeni Jumapili saa kumi jioni. Tulianza kikundi kizima, ilipofika Septemba nimebaki mimi na dogo mmoja muuza kashata. Kila anayepita ananiuliza, "Bado yule yule?" Namjibu, yule yule. Mwaka 2024 mambo yakachangamka, nikawarudisha watu. Kumbe 2025 McLaren nao wanabeba kombe la timu Oktoba, mbio sita zimebaki! Hivi wakubwa wa mchezo hawaoni? Au kuna mchezo mchafu? Nataka niachane nao kabisa, nibaki na Coastal Union yangu.
*Niliyechoka, Makorora*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la Coastal Union limenichekesha. Unakimbia mchezo wa timu moja, halafu unakwenda kujificha kwenye Ligi Kuu? Simba walibeba ubingwa mara nne mfululizo hadi 2021, Yanga wakapokea wakabeba mara nne mfululizo hadi 2025. Ubingwa wa Wagosi wa Kaya ni ule wa 1988. Na mwaka huohuo, kule kwenye Formula 1, McLaren walishinda mbio 15 kati ya 16.

Sasa jiulize kwa nini wazee wa mbio wanausimulia msimu wa 1988 kwa raha hadi leo, ilhali wa 2023 wewe unausimulia kama msiba. Misimu yote miwili timu moja ilishinda karibu kila kitu. Tofauti ilikuwa kwenye gari la pili, maana timu huingiza magari mawili. McLaren walikuwa na Ayrton Senna na Alain Prost, gari aina moja, injini ileile ya Honda, na hakuna aliyekubali kukaa nyuma ya mwenzake. Senna alishinda mara 8, Prost mara 7. Ile moja iliyowaponyoka ilikuwa Monza. Injini ya Prost ilikuwa imeshakufa, Senna anaongoza, mizunguko miwili imebaki, akagongana na Jean-Louis Schlesser, ambaye Senna alikuwa anamzidi kwa mzunguko mzima. Gerhard Berger akaipa Ferrari ushindi nyumbani Italia, wiki chache tu baada ya mzee Enzo Ferrari kufariki.

Red Bull ya 2023 ilikuwa ya Max Verstappen peke yake. Sergio Pérez alikuwepo, ndiyo, akashinda mbili za mwanzoni, kisha akapotea. Msimu ulipokwisha Verstappen alikuwa na pointi 575, Pérez 285, na gari ni lilelile. Ubingwa wa madereva ulipatikana Jumamosi, kwenye mbio fupi ya Qatar, hata Jumapili yenyewe haijafika. Watu wako walipohamia kwenye mpira, mimi siwalaumu.

Kwa hiyo nikiona timu imeanza ubabe, sihangaiki kuhesabu ushindi wake. Nachunguza kitu kimoja: je, madereva wake wawili wanaruhusiwa kupigana?

Kwa sababu wapo wanaokataza. Mei 2002 Ferrari walikuwa hawashikiki. Kule Austria, Rubens Barrichello anaongoza, ushindi ni wake wa halali, na katika mita za mwisho kabisa akapunguza mwendo ampishe Michael Schumacher, kwa amri iliyotoka kwenye redio. Uwanja mzima ukazomea, mpaka Schumacher mwenyewe akaona haya, akamsukumia mwenzake ngazi ya juu pale jukwaani. Mimi nilikuwa naitazama kwa jamaa yangu wa Chumbageni, Ferrari damudamu. Alinyanyuka, akazima televisheni, akasema twende zetu tukale mishkaki. Schumacher alikuwa anaongoza msimamo kwa mbali. Ubingwa wa mwaka ule aliumaliza Julai. Pointi zile alikuwa anazipeleka wapi?

Waweke Mercedes pembeni yao. Kati ya 2014 na 2016 walishinda mbio 51 kati ya 59, ubabe wa miaka mitatu mfululizo. Lakini humo ndani walikuwamo Lewis Hamilton na Nico Rosberg, waliokimbizana tangu wakiwa watoto kwenye karti, na urafiki wao uliishia humohumo. Barcelona 2016 waligongana mzunguko wa kwanza, wote wawili nje. Mbio ikaenda kwa kijana wa miaka 18 aliyekuwa anaendesha Red Bull kwa mara ya kwanza. Kijana huyo ndiye Verstappen, yule yule wa bandani kwenu.

Timu inayowaachia madereva wake inajihatarisha, na hapo mtazamaji ndipo anapopata chake. Mwaka 1986 Williams walikuwa na gari la nguvu kuliko wote. Nigel Mansell na Nelson Piquet wakanyang'anyana ushindi, Prost akapita katikati na ubingwa. Mwaka 2007 ikawa zamu ya McLaren: Hamilton na Fernando Alonso walimaliza na pointi 109 kila mmoja, Kimi Räikkönen wa Ferrari akapata 110. Na hiyo 2025 unayoilalamikia hebu itazame tena. Kombe la timu lilikwenda mapema, kweli. Lakini madereva wao, Lando Norris na Oscar Piastri, waliachiwa wawanie ubingwa wa madereva, ukiacha ule upuuzi wa Monza wa kumwamuru Piastri arudishe nafasi ya pili. Verstappen, baada ya mbio ya Uholanzi, alikuwa pointi 104 nyuma ya kinara. Walipomaliza Abu Dhabi, Norris alimzidi kwa pointi 2. Wewe wakati huo ulishabeba kiti chako ukaondoka?

Kuhusu wakubwa: wanaona, na wameshachukua hatua. Tangu 2021 kuna ukomo wa matumizi, ulioanzia dola milioni 145 kwa mwaka, mishahara ya madereva haimo. Zamani mwenye fedha aliunda sehemu mpya kila wiki, akijaribu hili na lile hadi lishike. Tena muda wa kupima umbo la gari kwenye handaki la upepo unagawiwa kinyume cha msimamo: bingwa anapata asilimia 70 ya kipimo, wa kumi anapata asilimia 115. Red Bull walipopitiliza matumizi ya 2021 walitozwa faini ya dola milioni 7 na kukatwa asilimia 10 ya muda huo.

Utaniuliza, mbona basi 2023 wakashinda 21 kati ya 22? Mwanangu, fundi aliyekwisha kuujua ugonjwa wa gari, mnyang'anye nusu ya spana bado atamshinda mwenye sanduku zima anayebahatisha. Kanuni zilibadilika 2022, gari likaanza kufyonzwa barabarani na hewa inayopita chini ya sakafu yake, na Red Bull, wakiwa na mbunifu wao wa magari, mzee Adrian Newey, waliielewa sakafu hiyo kabla ya wengine. Wengine walipokuwa wanahangaika na magari yanayorukaruka kwenye nyoofu, wao walishaendelea mbele. Ule mgawo wa handaki ni dawa, ila ni dawa ya polepole. McLaren waliuanza msimu wa 2023 wakiwa hoi, Bahrain hawakupata hata pointi. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa timu, mara ya kwanza tangu 1998. Mchezo mchafu wa kupanga mshindi mimi humo sijauona. Nimeona mafundi waliowazidi mafundi wenzao, na hilo nikilikemea nitakuwa naikemea kazi yangu mwenyewe.

Ila usiweke matumaini yote kwenye kanuni kubwa kubadilishwa, kama hizi za 2026. Kanuni zikipinduliwa, anayezielewa kwanza huwaacha wenzake mbali. Ndivyo Mercedes walivyozaliwa 2014 na injini zile za mseto, mafuta na umeme, ndivyo na Red Bull 2022. Uwanja husawazika pale kanuni zinapokaa miaka kadhaa bila kuguswa, wa nyuma wakapata nafasi ya kunakili.

Kama una bando, tafuta Singapore 2023, ile mbio pekee iliyowaponyoka Red Bull mwaka ule. Carlos Sainz wa Ferrari yuko mbele, tairi zimechoka. Nyuma yake Norris. Nyuma ya Norris Mercedes mbili zenye tairi mpya zinakuja kama zimetumwa. Sainz akapunguza mwendo makusudi, ili Norris abaki ndani ya sekunde moja nyuma yake. Kwa sheria ya wakati ule Norris akaruhusiwa kufungua bawa la nyuma, na kwa kasi hiyo ya ziada akaweza kuwazuia Mercedes wasimpite. Yaani alimlisha mpinzani wake ili mpinzani amlinde! Nimeirudia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia mama watoto. Mwoneshe na dogo wa kashata, huyo ameonyesha moyo kuliko wenzako wote.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha Hiace ya Tanga–Horohoro. Kila mwaka abiria wa Kenya wananisimulia Safari Rally, na kila mwaka ni Toyota. Nimelalamika mpaka mke wangu anasema nalalamikia kinachonilisha. Hawa jamaa wataachia lini?
*Dereva, Tanga*

JIBU: Mkeo kasema kweli, msikilize. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hadi 2025 Toyota wamechukua zote tano, na 2022 na 2023 walizijaza nafasi nne za kwanza zote. Wala si jambo geni, 1993 Toyota Celica nne zilimaliza hivyohivyo. Mwaka mmoja kabla, aliyeshinda kwa Celica alikuwa Carlos Sainz, baba mzazi wa huyo wa Singapore.

Kinachonikera mimi kwenye rali ni uchache wa wapinzani. Miaka hiyo yote mitano, magari ya daraja la juu kabisa yametoka kwa watu watatu tu: Toyota, Hyundai, na Ford za M-Sport. Toyota wameleta madereva wengi wazuri, magari yao hayavunjiki ovyo kwenye mawe na fesh-fesh, lile vumbi laini la Naivasha, wenzao wanavunjika. Mwaka 2025 walishinda rali 12 kati ya 14, Hyundai wakaambulia Ugiriki na Saudia. Lakini ubingwa ulifika hadi rali ya mwisho, kwa sababu Sébastien Ogier, Elfyn Evans na Kalle Rovanperä, wote wa Toyota, walikuwa wanauwania. Ogier akatwaa wa tisa, akalingana na Sébastien Loeb. Nilichomwambia kijana wa Makorora kinakuhusu na wewe.

Na abiria wako wakizidi maneno, waambie mshindi wa Safari ya 1966 na 1967 alitokea upande wetu wa mpaka. Ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, tena kwa Peugeot 404.

SWALI: Shikamoo Fundi. Kwa nini wasiwape madereva wote magari yanayofanana, tukajua nani hodari?
*Mwanafunzi, Usagara*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mbio hizo zipo, zinaitwa Formula 2. Timu zote zinatumia bodi ya Dallara, injini ya Mecachrome na tairi za Pirelli. Mabingwa wake ni kina Charles Leclerc, 2017, George Russell, 2018, na huyo Piastri, 2021. Ukitaka kupima dereva, huko ndiko. Mimi mwenyewe huwa nachoka baada ya nusu saa, maana fundi hana cha kubuni, na Formula 1 wakiigeuza hivyo watanikosa. Lakini hukuniuliza mimi napenda nini. Jumamosi wanakimbia fupi, Jumapili wanakimbia ndefu, kabla ya wakubwa kuingia. Ile ya Jumapili ikiwa Ulaya, kwa saa zetu inakuwa bado asubuhi, kwa hiyo utakuwa na muda wa kutosha wa kufua sare za shule.