Kisima kilichofunikwa na mto Sabaki: maji yakiwa maangavu, ni salama?

Swali: Sabaki ilipofurika ilifika hadi uani kwetu hapa Madunguni, kisima kikafunikwa siku mbili. Maji yaliposhuka, kijana mmoja wa baiskeli alitutilia shabu kwa shilingi mia tano, na kesho yake yakawa maangavu kabisa. Mama mkwe keshaanza kuyanywa. Niwape watoto?
Mama wa watatu, Madunguni

Jibu: Usiwape, mama, na mama mkwe naye mpokonye kikombe kwa heshima zote.

Shabu yenyewe haina uongo. Hushikanisha chembe za tope zikazama, basi, kazi imekwisha. Mbegu za mlonge hufanya hivyo hivyo. Lakini kipindupindu hakionekani kwa macho, kwa hiyo kuangalia rangi ya maji hakukuambii kitu. Tena lile tope halijaenda popote: limelala chini ya kisima, linangoja ndoo yako ilivuruge. Na si tope la Madunguni pekee. Mto huo huko juu ni Athi, unatoka pande za Nairobi na Machakos, na kila choo kilichofurika njiani kimechangia. Hesabu na chako cha shimo.

Kwa sasa chemsha maji ya kunywa hadi yatokote. Kisima kikombwe maji, tope litolewe lote, kuta zisuguliwe, ndipo itiwe klorini ilale usiku kucha, kisha mteke na kumwaga mpaka harufu iishe. Msikombe yote kwa pupa ardhi ikiwa bado imeloa. Kuta zinaweza kuporomoka na mtu yumo ndani. Na klorini juu ya tope ni pesa mmetupa, kwa sababu tope huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu.

Hawa wa baiskeli nimewachoka. Mafuriko ya 2023 walikuwapo, ya 2024 wakarudi. Mmoja nilimkuta Mambrui akimimina dawa ya kufulia, ile yenye manukato, kisimani mwa watu wazima wanaomtazama tu! Kipimo cha klorini hutegemea upana wa kisima, kina cha maji na ukali wa dawa yenyewe. Afisa wa afya wa wadi atakupimia. Huyo wenu, alishusha hata kamba ya kupimia kina?