Tangawizi inashinda kila mara: ni nzuri hivyo, ama tunaonja vibaya?

SWALI: Tuko marafiki sita hapa Section 58, Nakuru. Mwisho wa mwezi kila mtu huja na pakiti ya chai yenye viungo: tangawizi, iliki na mdalasini, mchaichai, Earl Grey, juzi hata chai ya zambarau, ile ya majani yenye rangi hiyo. Tunapika kwa maziwa, tunaonja na kutoa alama. Tangawizi hushinda kila mara, na ikishapita, zinazofuata zote huwa kama chai moja. Wewe ambaye kazi yako ni kuonja chai huko Kericho, unatushaurije?

JIBU: Dada, tangawizi yenu inashinda kwa ukali tu. Ule moto wake si ladha hasa, ni mwasho unaoamsha neva zilezile zinazohisi joto na pilipili, nao hauondoki upesi mdomoni. Ikitangulia, zinazofuata hazina lao. Iwekeni mwisho kabisa, pamoja na chochote chenye karafuu, maana karafuu hutia ganzi. Anzeni na Earl Grey, ambayo ni chai nyeusi iliyotiwa harufu ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Halafu mchaichai, halafu iliki. Katikati sukutueni kwa maji ya vuguvugu.

Lakini kinachowaponza zaidi ni maziwa. Protini zake hushikana na tanini za chai, ule ukakasi ukafifia, na harufu nyepesi kama ya bergamoti ikafunikwa. Onjeni chai ya rangi kwanza, bila sukari. Najua kuna watu ambao kwao strungi ni adhabu. Hao wasubiri raundi ya pili. Na mfyonze kwa kelele, hewa iingie pamoja na chai ipandishe harufu puani. Siku hiyo msialike wakwe.

Kipimo cha kimataifa, ISO 3103, ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Kwa chai yetu ya chembechembe hicho ni kikombe kikali mno, lakini sisi twataka kasoro zijitokeze. Nyinyi fanyeni dakika 3, mradi vikombe vyote vitendewe sawa. Tumieni mizani, si kijiko: kijiko cha chembechembe ni kizito kuliko kijiko cha mchaichai uliokatwakatwa, kwa hiyo mchaichai wenu huenda unaonekana dhaifu bure. Maji ya Nakuru huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko. Hilo lisiwasumbue, ila yatoke motoni papo hapo, si kwenye thamosi.

Chai ya zambarau ionjwe macho yakiwa yamefumbwa, la sivyo watu watatoa alama kwa rangi, hasa ikikamuliwa limau na kugeuka waridi.

Wawili wakibishana kama chai mbili zinatofautiana kweli, mpe kila mtu vikombe vitatu, viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine, bila kumwambia kipi ni kipi. Akitafute kilicho tofauti. Wanne kati ya sita wakipatia, msishangilie bado: kwa kubahatisha tu hutokea karibu mara moja katika kumi. Wakipatia watano, hapo tofauti ipo.

Pakiti nazo zifungwe vizuri, kila moja kwenye mkebe wake. Majani ya chai hunyonya harufu, na Earl Grey iliyolala mwezi mzima kabatini karibu na tangawizi itawachanganya hata mkiianza ya kwanza.