Broka anauliza: siku nzima niko barabarani, jioni sina dili. Niamke saa kumi na moja?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Mimi ni broka, dalali wa nyumba na ardhi, upande wa Najjera na Kira nje kidogo ya Kampala, mwaka wa pili sasa. Simu haizimi, naonyesha nyumba mpaka 6 kwa siku, kuna moja ya kuuza Kyaliwajjala nimeionyesha mara 11 na hakuna hata aliyetaja bei. Mwezi uliopita nilifunga dili moja tu, ya kupangisha. Kuna mwalimu mtandaoni anauza kozi ya kupanga muda, anasema siri ni kuamka saa kumi na moja alfajiri na kupiga simu 100 kabla ya saa sita. Ninunue? Na programu gani ya ratiba unashauri?

JIBU: Salama ndugu yangu. Usinunue. Hiyo pesa weka mafuta. Hili swali nalipata kila wiki karibu neno kwa neno, mtaa tu ndio unabadilika, na nyuma yake yuko mwalimu wa aina hiyo hiyo, ambaye ukimuuliza ameuza ploti ngapi hapa wilaya ya Wakiso anaanza kukuhubiria fikra chanya. Simu 100 asubuhi unampigia nani? Saa moja asubuhi mtu wa Kampala yuko kwenye jam anapeleka watoto shule, ukimsumbua hapo atakufungia namba. Programu? Daftari linatosha, na kalenda iliyokuja na simu yako.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba kuzunguka ndio kazi. Broka anapima siku yake kwa vumbi la viatu. Asubuhi yuko Kyaliwajjala, saa saba ameahidi mtu Kajjansi, saa kumi mwingine Gayaza, halafu anasema hana muda! Hata upite Northern Bypass, masaa yako yamebaki kwenye gari ukijibu WhatsApp kwa dole gumba moja. Mimi wiki yangu naigawa kwa barabara, Jumanne na Alhamisi ni upande wa Kira na Namugongo, Jumatano Entebbe Road, na naonyesha kati ya saa nne na saa tisa basi, anayetaka saa kumi na moja jioni asubiri Jumamosi. Na wiki ya Juni 3 mtu asiniambie habari ya Kyaliwajjala kabisa, ni siku ya Mashahidi wa Uganda na mahujaji wa Namugongo wamejaza barabara. Halafu kabla hujawasha gari mpigie askari wa geti, maana nusu ya safari za bure nilizowahi kufanya ni askari ameenda kula na funguo mfukoni.

Ila barabara ni sehemu ndogo. Muda wako unaliwa na mtu ambaye hukumchuja. Maswali ni matatu, na unauliza kwa simu kabla hujatoka nyumbani: pesa iko wapi sasa hivi (benki, sacco, au ni mkopo ambao haujapita), nani mwingine lazima akubali, na anataka kuhamia lini. Vijana wanaogopa hilo la pesa, wanaona ni kukosa adabu. Mteja serious hakasiriki, atakuambia tu kwamba kaka yake aliyeko Dubai ndiye mwenye hela, sasa wewe ulikuwa unamtembeza nani siku zote hizo si ungemtumia kaka video? Nina hakika kati ya wale 11 wako, 8 walikuwa wanatalii.

Sasa ngoja nitoke nje ya swali lako kidogo, kwa sababu nikisema okoa muda kuna broka anasikia "ruka search", yaani asikague hati kwenye ofisi ya ardhi. Hapana jamani. Hapo ndipo wengi wanaokoa siku 2 na kulipa mwaka. Mwenye ardhi anatuma picha ya hati kwa WhatsApp, broka anampa laki moja "mtu wake wa ndani" ya ofisi ya ardhi, mtu wa ndani anajibu iko safi, mteja anaitwa kulipa. Mimi hii nimeifanya, sikuambii ya kusikia. Ploti upande wa Gayaza, ardhi ya mailo (mwenyewe ana hati, ila juu yake wanaweza kuwepo wakaaji wenye haki zao), hati ilikuwa safi kweli, haina rehani haina kaveti, yaani zuio la kuuza. Kumbe pale juu kuna bibi analima tangu mwaka Amin anakimbia, 1979. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka 12 kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye ardhi kumpinga, Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda, humtoi kwa kumpigia kelele, na hati haimwonyeshi. Miezi 7 nilikuwa kwa LC1 (uongozi wa mtaa), polisi na kwa wakili, sijauza kitu, na komisheni nikairudisha.

Kwa hiyo fanya mwenyewe. Chukua namba ya bloku na ploti, lipa ada ya serikali, fanya search kwenye ofisi ya ardhi ya zoni, ada yenyewe haifiki mafuta unayochoma wiki moja kutembeza watalii. Peleka mpima afungue mipaka, maana kuna hati za kweli kabisa za ploti ambayo siyo hiyo unayoonyeshwa. Ongea na majirani na mwenyekiti wa LC1, uliza kama kuna mtu wa kibanja, yaani mkaaji asiye na hati kama yule bibi. Kama ni nyumba ambamo familia inaishi, pata kibali cha mke au mume kwa maandishi, siyo "amekubali, yuko kijijini". Na haya yote fanya siku unapopokea mali, kabla hujaitangaza, siyo wakati mteja ameshabeba pesa na kila mtu ana haraka. Na yule anayekuuzia "search ya dakika 5" kwa simu mkimbie.

Wewe wa Najjera nimekuacha njiani, samahani. Ile nyumba ya Kyaliwajjala usiionyeshe mara ya 12. Mpigie mwenye nyumba leo jioni umuulize kama anauza kweli au anapima soko tu, na kama bei hashushi mrudishie funguo.